Mbwa wa Mdogo Wangu na Tai wa Mwembeni

Kabla mdogo wangu hajarudi nyumbani, sikuwahi kufikiri kwamba mbwa anaweza kuliwa na ndege. Vifaranga, ndiyo. Hakuna mtu kwetu ambaye hajaporwa kifaranga na mwewe, na dawa yake inajulikana: unawafunika kwa tenga mpaka wakue. Lakini mbwa wa kwetu Tabora ni mbwa wa kulinda mji. Ana mbavu na meno, analala majivuni, anakula anachokipata. Mbwa wa namna hiyo hatazami juu.

Mdogo wangu alirudi kwa treni mwanzoni mwa kiangazi. Nilipokwenda stesheni kumpokea, niliona kwanza kapu, kisha nikauona mkono ulioshika kapu, na mkono ule ndio ulionishtua, maana ulikuwa umebaki ngozi na mishipa. Alikuwa ameishi Dar es Salaam miaka mingi akisuka nywele kwenye saluni. Ugonjwa wake ulikuwa saratani ya kizazi. Alikuwa ameshachomwa mionzi, ameshatundikiwa dawa, mpaka siku moja daktari akamwambia kwa upole kwamba sasa aende kwao akapumzike. Aliponipigia simu kunieleza, alilirudia neno hilo, kupumzika, na mimi nikalirudia, na hatukulisema tena.

Ndani ya kapu alikuwamo mbwa, mdogo kuliko paka wetu. Alikuwa na manyoya marefu meupe yenye mabaka ya kahawia, na masikio yaliyoning'inia kama vipande vya kitambaa. Mteja wa saluni aliyehama nchi ndiye aliyempa.

"Dada, usicheke," mdogo wangu aliniambia pale pale stesheni.

"Sijacheka."

"Unacheka kwa ndani. Nakujua."

Nyumba yetu iko pembezoni mwa mji, upande ambao miembe ya zamani bado imesimama kwa mstari, ile iliyoota kando ya njia ya misafara. Mingine imekauka vichwa. Mama amebaki hapo tangu baba alipofariki, nami naishi naye, kwa kuwa shule ya msingi ninayofundisha haiko mbali. Alitupokea mlangoni, akamkumbatia mwanawe muda mrefu. Halafu akaliona kapu.

"Huyo analala nje," alisema.

"Mama, huyu hajui nje."

"Atajifunza."

Hakujifunza. Jioni ile ile mdogo wangu alimlaza miguuni pake kitandani. Mama alipoingia kumfunika alimwona, akasimama kidogo, kisha akalivuta blanketi likawafunika wote wawili.

Siku zetu zikapata mwenendo wake. Asubuhi, jua likishapanda kidogo, nilimtoa mdogo wangu nje, nikamkalisha kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mama alikuwa akikata viazi vitamu na kuvianika viwe michembe. Mbwa alikimbia huku na huko uani, akiwabweka kuku ambao hawakumjali. Upande wa pili wa ua wetu wa matete aliishi mama mmoja Mwislamu, mjane kama Mama. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani, kwa hiyo tulisikia akishona kutwa nzima. Yeye na Mama walikuwa majirani tangu mimi sijazaliwa. Hakumtaka mbwa karibu, na alisema wazi: "Huyo mgeni wenu mzuri, lakini abaki huko huko. Mimi nina swala zangu." Hata hivyo kila asubuhi aliuliza juu ya ua, "Mgonjwa kaamkaje? Na mgeni?"

Jumamosi moja nilikuwa nafua. Mdogo wangu alikuwa kwenye mkeka wake na kikombe cha uji. Jogoo akatoa ile sauti yake ya kukwaruza ambayo kila kuku anaielewa, na mara uwanja mzima ukawa mtupu. Kuku wote walikuwa wameingia chini ya kihenge. Aliyebaki katikati ya uwanja ni mbwa, akishangaa wenzake wamekwenda wapi.

"Tai! Tai huyo! Mtoeni mgeni!" Jirani alipiga kelele kutoka barazani kwake.

Nilipoinua kichwa nilimwona ameshafika. Sikuwahi kumwona ndege mkubwa kiasi kile kwa karibu. Kichwa kilikuwa cheusi, tumbo jeupe lenye madoadoa, na mabawa yalipofunguka yalitupa kivuli mpaka kwenye karai langu. Alimshika mbwa mgongoni, akapiga mabawa, akainuka naye, miguu ya mbwa ikaachana na ardhi. Mbwa alilia kama mtu.

Mdogo wangu aliinuka, yeye ambaye siku hizo nilikuwa namshika kwapani hata kwenda chooni. Aliinuka peke yake, akakimbia, kanga ikadondoka, akarusha kikombe na uji wake, akalipiga bawa kwa mkono mtupu huku akipiga ukelele ambao sikujua kama bado alikuwa na pumzi za kuupiga. Tai akamwachia. Mbwa akaanguka, na mdogo wangu akaanguka juu yake, akamfunika kwa mwili wake wote. Nilipowafikia tai alikuwa ameshatua kwenye kichwa kikavu cha mwembe, anatutazama.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho mdogo wangu kukimbia. Tulimbeba kumrudisha ndani, na tangu siku hiyo hakusimama tena bila kushikwa.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akamshona mbwa juu ya meza yetu ya kulia. Kucha zilikuwa zimepenya kwenye nyama lakini hazikufika ndani.

"Ameshaonja," alisema akinawa mikono. "Atarudi. Huyu mbwa asiachwe nje peke yake hata kidogo. Tai anamwogopa mtu, hamwogopi mbwa. Mkae naye karibu, na asitembee katikati ya uwanja, atembee ukutani. Mkiweza, mumfunike."

"Nimfunike na tenga, kama kifaranga?" Mama aliuliza.

"Hata tenga, mama. Hakuna aibu."

Kijana mmoja wa mtaani alisikia habari hizo, akaja kutuambia kwamba anajua kutega nyama yenye sumu. Tukimpa utumbo tu wa kuku, tai tutamkuta chini ya mwembe. Mdogo wangu alimsikia kutoka ndani. Aliomba dirisha lifunguliwe.

"Asante, kaka," alimwambia. "Lakini usimuue. Kaja kutafuta chakula, hana ugomvi na mimi. Sitaki kitu kingine kife hapa."

Yule kijana aliinamisha macho, akaaga.

Kwa hiyo ulinzi ukawa wa Mama. Alizaliwa upande wa Igalula, na utotoni mwake aliwinga ndege kwenye mashamba ya mpunga kila mwaka, tangu jua linachomoza mpaka linazama. Aliijua kazi hiyo. Alikata ufito mrefu, akauchonga, akawa anauegemeza karibu na kiti chake. Alifunga kamba kutoka pembe moja ya uwanja hadi nyingine. Kisha akaingia chumbani akatoka na boksi la kaseti za zamani za kwaya.

"Utepe wa kaseti ukiufunga juu unalia kwenye upepo," alisema. "Ndege hawaupendi. Hizi hata redio yake haipo tena."

Alimwekea mdogo wangu boksi mapajani achague. Mdogo wangu alizigeuza moja moja, akasoma maandishi, akatoa moja.

"Hiyo acha," Mama alisema haraka. "Hiyo ina sauti yako humo. Ndiyo ile mliyorekodi Pasaka."

"Najua."

"Basi rudisha."

"Mama, sauti yangu ya sasa haifukuzi hata nzi. Hiyo angalau inaweza kufukuza tai." Akacheka, na kicheko kikamletea maumivu, akajikunja. Alipotulia akasema, "Ifunge. Nitaisikia kutoka dirishani."

Mama aliivuta tepe ile polepole sana, kana kwamba anatoa mwiba mguuni mwa mtoto. Akaifunga juu ya uwanja, na upepo wa kiangazi ulipoanza, ikawa inavuma siku nzima.

Jirani naye alishona. Siku moja alimwita Mama kwenye ua, akapitisha juu ya matete kitu cha kitambaa cha jinzi, kimeshonwa mara mbili, kina mikanda ya kufunga tumboni. Mgongoni alikuwa amepachika miiba ya nungunungu, imesimama.

"Ni fulana ya mgeni," alisema. "Kucha zikishuka zikutane na hiyo."

"Vipimo ulivipata wapi, nawe humgusi?" Mama alimuuliza.

"Kwa macho. Nimeshawashonea watu mtaa huu wote, nitashindwa na huyo?"

Ilimkaa sawasawa. Mbwa alipotembea nayo alifanana na kitu ambacho Mungu alianza kukiumba akabadili nia. Mdogo wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Mama akacheka, na upande wa pili wa ua jirani akacheka pia. Nakumbuka kicheko kile kuliko nyimbo zote zilizoimbwa baadaye msibani.

Kwa muda tulifanikiwa. Tai alikuja, akakaa mwembeni, akazunguka angani, akaondoka. Jirani alimwona kwanza kila mara, kwa kuwa barazani kwake palikuwa wazi. Angepaza sauti, "Huyo anatoka mashariki!" na Mama angeinuka na ufito wake na kuupunga upande huo. Mimi nikitoka shuleni nilimkuta Mama kwenye kiti, mbwa chini ya kiti na fulana yake, na dirisha la mdogo wangu liko wazi ili wasikilizane.

Kisha ikaja siku ambayo mdogo wangu alitokwa damu nyingi. Tulimkimbiza hospitali, mimi na Mama, na katika haraka ile hakuna aliyemkumbuka mbwa. Mlango wa uani ulibaki wazi. Tulirudi alasiri, mgonjwa akiwa amelazwa. Uwanja ulikuwa mtupu. Mama aliita. Hakuna kitu. Aliita tena, sauti yake ikapanda.

"Yupo huku," jirani alijibu.

Tulizunguka. Alikuwa ameketi barazani kwake, cherehani imefunikwa, na mapajani mwake, ndani ya kanga yake, amelala mbwa. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mbwa.

"Tai alishuka mpaka kwenye ua," alisema. "Mbwa akapenya kwenye matete akaja kwangu. Ningefanyaje? Nimfukuze arudi kwa tai?"

Mama alijua swala za jirani yake, na alijua kuna sharti gani la kujitoharisha mtu akilambwa na mbwa. Alisogea mpaka ukingoni mwa baraza.

"Mwenzangu," alisema, "umejinajisi kwa ajili yetu."

"Maji yapo," jirani alisema. "Na udongo upo. Nitajiosha. Mgonjwa anaendeleaje?"

Mama alikaa chini barazani, akalia. Jirani hakuweza kumshika kwa mikono ile ambayo hajaiosha, kwa hiyo alisogea tu karibu, bega karibu na bega, mpaka Mama alipomaliza.

Mdogo wangu alirudi nyumbani baada ya siku chache, kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka. Hakukaa sana. Alifariki asubuhi moja yenye jua kali, mbwa akiwa miguuni pake, Mama akimshika mkono, mimi nikiwa nimekwenda jikoni kuchemsha maji. Niliporudi na birika Mama aliniangalia tu. Nililiweka birika chini. Sikumbuki nililiondoa saa ngapi.

Msiba ulijaa watu, wa kanisani na wa mtaani. Akina mama Waislamu walikuja kupika pamoja na akina mama wa kwaya. Rafiki wa mdogo wangu aliyekuwa akiishi naye Dar es Salaam alifika, na siku ya arobaini alifika tena. Siku hiyo alimwambia Mama kwamba yuko tayari kumchukua mbwa. Chumba chake kiko ghorofani, alisema, na mbwa hatatoka bila kamba. Mama alimjibu kwa adabu lakini bila kufikiri mara mbili: "Huyu ni wa hapa."

Mvua zikaja, zikapita. Jirani yetu alianza kuugua miguu. Binti yake anayefanya biashara Nzega alikuja kumchukua akakae naye, karibu na hospitali. Siku ya kuondoka, Mama alimpelekea michembe na chupa ya asali, wakaagana kwenye ua, wakishikana mikono juu ya matete kama watu wawili walio kwenye kingo mbili za mto.

"Mtazame mgeni," jirani alisema.

"Nitamtazama."

Haikupita muda mrefu. Nilikuwa nimerudi mapema kutoka shuleni, niko mlangoni. Mama alikuwa kwenye kiti chake, ufito mkononi. Mbwa alikuwa amelala juani, mbali kidogo na ukuta, bila fulana, kwa sababu ilikuwa imefuliwa. Nilimwona tai anakuja kutoka upande wa miembe, chini kabisa, hapigi mabawa. Nilimwona Mama akiwa amemwelekea, uso umeinuliwa, macho wazi, na hakufanya kitu. Ndege alikuwa mbele yake kabisa, na Mama alikuwa ametulia kama mtu anayeota jua.

Nilipiga kelele. Mama akaruka, akapunga ufito hewani, upande ambao si wenyewe. Tai alimgusa mbwa, akamkwaruza shingoni, akaniona nakimbia, akainuka mtupu.

Nilimshika mbwa kwanza. Halafu nikamgeukia Mama.

"Mama, hukumwona?"

Aliushusha ufito chini.

"Mama. Alikuwa mbele yako."

"Kuku hawakulia," alisema.

Nilikaa kwenye kiti chake, mbwa mapajani. Ndipo aliponiambia. Macho yalikuwa yameingia ukungu muda mrefu, hata kabla mdogo wangu hajashuka kwenye treni. Watu aliwaona, nyumba aliiona, mwanawe alimwona akisogea karibu. Ndege angani hakumwona hata siku moja. Alikuwa akisikiliza kuku na sauti ya jirani.

"Naye alijua?" niliuliza.

"Alijua. Ndiyo maana alikuwa anataja na upande."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ulikuwa na mgonjwa mmoja. Nikuongezee wa pili?"

Jioni Mama aliniomba nimpigie simu rafiki wa mdogo wangu. Nilimwambia tunaweza kuajiri mtu, tunaweza kumfungia mbwa ndani kutwa, tunaweza kujenga banda la wavu. Nilisema mengi. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Mtoto wangu alimpigania na mwili mgonjwa," alisema. "Mimi nimkalishe hapa nimsubirishe tai? Piga simu."

Yule rafiki alikuja mwisho wa mwezi. Mama alimwogesha mbwa mwenyewe, akamchana manyoya kwa kitana cha mdogo wangu, akamweka kwenye kapu pamoja na fulana yake. Alisema kule ghorofani huenda hakuna tai, lakini sifa za kunguru wa Dar es Salaam amezisikia. Stesheni alikataa kwenda. Nilikwenda mimi. Treni ilipoanza kuondoka mbwa alitoa kichwa kwenye kapu akawa anawatazama watu waliobaki, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kuna anayemtafuta.

Baadaye nilimpeleka Mama kwa madaktari wa macho. Walisema jicho moja linaweza kufanyiwa upasuaji, na yeye akasema atafikiri. Bado anafikiri. Tai bado anakuja mwembeni wakati wa kiangazi, na mimi nimeshaacha kumtaja.

Juzi yule rafiki alipiga simu. Alisema mbwa hajambo, amenenepa, analala kitandani. Akasema, "Mama azungumze naye, nimemwekea simu sikioni." Nikampa Mama simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na mdomo. Upande wa pili tulisikia pumzi za haraka za mbwa, basi.

"Umekula?" Mama alimuuliza.

Alisubiri kidogo. Kisha akanirudishia simu, akaenda jikoni. Nilipomfuata nilimkuta ameinama juu ya ungo, anachambua maharage kwa ncha za vidole. Aliniambia niongeze maji kwenye sufuria, maana maharage ya mwaka huu yanachelewa kuiva.